Tanga–Lushoto na kurudi siku hiyo hiyo: uchambuzi wa mpango wa familia moja

Familia yenyewe ni ya watu saba: baba, mama, watoto wanne ambao mdogo ana miaka mitano na mkubwa kumi na minne, na bibi mzaa mama aliyekwisha kuvuka sabini. Gari ni Noah ya siku nyingi, ya automatiki. Siku iliyochaguliwa ni Jumamosi ya mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Wanatoka Tanga mjini kwenda Lushoto, na kulala huko haiwezekani kwa sababu Jumapili alfajiri baba anaingia zamu.

Mpango niliuona ukiwa kwenye karatasi ya daftari, mwandiko wa binti mkubwa. Kuondoka saa 2:00 asubuhi. Chai Muheza. Kupitia Amani. Chakula cha mchana Lushoto. Irente, ukingoni mwa mlima karibu na Lushoto, kupiga picha. Mtae, muda ukitosha. Kumsalimia mama mkubwa Soni wakati wa kurudi. Nyumbani saa 2:00 usiku. Njia hiyo naifahamu, nikaombwa niipitie karatasi "kidogo tu". Nimeona inafaa kuieleza kwa kirefu, maana mipango ya namna hii huandikwa katika nyumba nyingi za Tanga kila likizo, na karibu yote ina ugonjwa mmoja: huanza na saa ya kutoka nyumbani, ikaongeza mahali baada ya mahali, na saa ya kurudi ikabaki kuwa kile kilichosalia.

Kwanza umbali, kwa sababu huo hauna mjadala. Tanga hadi Segera ni kama kilomita 70, lami, ukipita Muheza na Hale. Segera unaingia barabara kuu ya Chalinze–Arusha, unapinda kulia, unapita Korogwe mpaka Mombo. Mombo unaiacha barabara kuu na kupanda mlima kilomita 33 hadi Lushoto mjini, Soni ikiwa katikati. Jumla ni kilomita 160 na kitu kwenda tu. Simu ya baba ilimwambia saa tatu. Simu haijui kwamba kuanzia Muheza mpaka Korogwe kila kijiji kina kibao cha 50 na matuta yake, kwamba trafiki wenye tochi za kupima mwendo hawakosekani, na kwamba mtoto wa miaka mitano hakai ndani ya gari saa tatu bila kushuka. Kwa familia, andika saa tatu na nusu, na ukisimama kunywa chai, nne kasoro. Nenda na kurudi ni saa saba mpaka nane za kukaa kwenye kiti.

Halafu jua. Mwishoni mwa Juni jua la Tanga linazama saa 12:20 jioni hivi, na huku kwetu giza haliji polepole. Mwanga wa siku ni kama saa kumi na mbili. Ukitoa nane za barabarani, zinabaki nne. Saa nne hizo ndizo safari yenyewe, na karatasi ile ilikuwa imezigawa sehemu tano.

Vilivyofutwa bila ubishi

Amani ilikwenda ya kwanza. Kosa lake linaeleweka: ukiangalia ramani, Amani na Lushoto zote zimeandikwa Usambara, na Muheza ndiyo njia ya kwenda Amani, kwa hiyo mtu anaona ni kama kupitia sokoni ukielekea kazini. Lakini ni milima miwili. Amani iko Usambara Mashariki, Lushoto iko Usambara Magharibi, na kati yake kuna bonde la Lwengera. Kwenda Amani unaiacha lami Muheza, unapanda kwa barabara ya vumbi yenye kona kali, kisha unarudi Muheza kwa njia ile ile ndipo uanze upya safari ya Lushoto. Hapo si chini ya saa tatu zimeondoka, na hujatembea hata hatua moja msituni.

Nitasema hapa, nje kidogo ya kisa, kwamba kama wangekuwa hawana ndugu Soni ningewaambia waiache Lushoto waende Amani. Ni karibu zaidi, na watoto wa shule wana cha kujifunza: Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea pale mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia bado imesimama, mingine imegeuka kuwa kero kwa msitu wa asili. Siku ya mvua, hata hivyo, Noah haina kazi kule.

Mtae nayo ilifutwa, ingawa binti mkubwa alinuna. Aliona picha za ukingo ule, mtu amesimama na uwanda wa Mkomazi uko chini kabisa. Picha ni za kweli. Lakini Mtae iko kama kilomita 60 mbele ya Lushoto, barabara ya milimani, na basi zinazokwenda huko hulala huko huko. Nani atapanga Mtae kwa maneno "muda ukitosha"? Muda wa Mtae haujawahi kutosha kwa mtu aliyeamka Tanga.

Zikabaki Lushoto mjini, Irente, na mama mkubwa wa Soni. Hapo ndipo penye kisa.

Soni ilikuwa imewekwa mahali pabaya

Kwenye karatasi, kumsalimia mama mkubwa kulipewa mstari wa mwisho, kama kitu cha kufanya mkiwa njiani, gari likiwa limewashwa. Mama wa nyumba ndiye aliyenifafanulia: bibi ni Msambaa, kaolewa Tanga tangu ujana, na yule wa Soni ni dada yake mkubwa, ambaye sasa macho hayaoni vizuri na hashuki tena mlimani. Hawajaonana miaka kadhaa. Nikamwomba amuulize mama yake swali moja mbele yangu: je, Irente angependa kuiona?

"Mwanangu," bibi akasema, "mimi nimekulia huko juu. Irente naitafutia nini? Mimi namfuata dada yangu. Ninyi ndio mnakwenda kutembea."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Mmeniuliza leo."

Jibu hilo liligeuza mpango wote. Kumbe katika gari moja mlikuwa na safari mbili: ya watoto, ambao wanataka mlima, baridi na picha; na ya bibi, ambaye anataka kukaa. Karatasi ilizifunga pamoja, kwa hiyo bibi angezungushwa kona zote mpaka Lushoto na Irente kwa magoti yale, ndipo aletwe kwa dada yake saa 11:00 jioni, kila mtu kachoka, dereva akitazama saa.

Na tuseme ukweli wa kwetu: kwa mkubwa hapapitwi. Mama mkubwa ambaye hajawaona miaka kadhaa hawezi kuwapa maji ya kunywa mkaondoka. Atapika. Mkimkuta saa 11:00, sufuria itawekwa jikoni saa 11:00. Mtakula saa 1:00 usiku, mtaaga kwa nusu saa, mtafungashiwa mizigo kwa nusu saa nyingine, na kona za Soni kushuka Mombo mtazikuta gizani.

Kipande hicho ndicho kinachostahili kuogopwa katika njia nzima, na wengi hukiogopa kinyume. Wanaogopa kupanda. Kupanda kunachosha injini, ukiangalia kipimo cha joto na maji ya rejeta yako sawa hakuna neno. Kati ya Mombo na Lushoto unapanda karibu mita elfu moja kwenda juu, lami nyembamba imebanwa kati ya mwamba na korongo, na kona ambazo huoni anayekuja mpaka mmekutana. Ndiyo maana wenyeji hupiga honi kabla ya kila kona kali. Ukishuka, mita elfu hizo zote zinakuja juu ya breki zako. Dereva wa mjini akiweka D, gia ya kawaida ya kwenda mbele, na kukanyaga breki kila kona, kabla ya kufika chini atasikia harufu ya kuungua, na baada ya harufu pedali huanza kulegea. Dawa yake inajulikana: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Kwa Noah ya automatiki maana yake ni kutoa D na kuweka gia ndogo, 2, pengine L penye mteremko mkali, injini ikushikilie, breki uiguse tu. Ongeza hapo malori ya mboga, ambayo yakishajaza kabeji na karoti mchana hushuka jioni ili yawahi masoko ya Dar es Salaam kabla hakujapambazuka. Kukutana nayo mchana ni jambo la kawaida. Usiku, kwa dereva mgeni wa njia ile, sikubali.

Kwa hiyo saa ya kwanza kuandikwa kwenye karatasi mpya ikawa ya kuondoka Soni: saa 9:30 alasiri. Kuondoka hapo 9:30 kunakufikisha Mombo saa 10 na dakika chache, Segera saa 11 na kitu, na Tanga jua likizama. Mengine yote yalihesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Na Soni ikahamishwa kutoka mwisho wa safari hadi mwanzo wake. Kwa kuwa iko kabla ya Lushoto, mnaipita mkipanda mtake msitake. Basi mshusheni bibi asubuhi, salimuni, kunyweni chai, muende zenu Lushoto. Chakula kitapikwa mkiwa Irente. Bibi anapata saa nne na nusu na dada yake badala ya dakika arobaini. Watoto wanapata mlima bila kuambiwa kila mara wamsubiri bibi. Na dereva akirudi anakuta sinia liko tayari.

Pingamizi lilitoka kwa baba. Aliona si adabu kumtua mama mkwe wake mlangoni kama kifurushi, kisha watu wakaenda kutembea. Hofu hiyo ni ya haki, na suluhisho lake si maneno bali dakika: nusu saa nzima ya kukaa asubuhi, viatu vikiwa vimevuliwa, na zawadi zimetolewa ndani ya gari. Tukaiandika hiyo nusu saa kwenye ratiba. Isipoandikwa, italiwa.

Ratiba mpya ilikuwa hivi. Kuswali alfajiri na kuondoka 11:45, watoto wakiwa wamelala nguo za safari. Chai Korogwe, siyo Muheza, kwa sababu Muheza ni karibu mno: mtu akishuka hapo dakika arobaini tu baada ya kutoka nyumbani, kila atakayeona kibanda cha machungwa atataka kushuka tena. Soni saa 3 na kidogo. Lushoto saa 4:15. Irente mpaka saa 6. Sokoni Lushoto na msikitini, adhuhuri na alasiri zikiunganishwa kama inavyoruhusiwa msafiri, ili kusiwe na kusimama tena njiani. Soni 7:45 mchana kula.

Chakula cha kubeba: chapati, kababu, mayai ya kuchemsha, chai kwenye chupa. Wali wa nazi uliofungwa usiku nilioukuta kwenye orodha niliuondoa. Ndani ya gari, kwa joto la Segera, unachacha kabla hujauona mlima. Masweta, ndiyo, hata kama Tanga unatoka jasho. Lushoto ya Juni ni baridi ya kweli, na ndiyo iliyowavuta Wajerumani kuita mji ule Wilhelmstal na kupanda huko kukimbia joto la pwani, hasa reli yao kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905. Petroli nilihesabu lita 40 mpaka 45 kwa safari nzima, tangi lijazwe Ijumaa. Tairi la akiba lipimwe upepo, jeki na wili spana vionekane kwa macho, siyo "vipo humo nyuma". Mtoto anayetapika akae mbele ya wenzake dirishani, na mfuko wa plastiki mkononi mwa mama kuanzia Mombo.

Siku yenyewe

Waliondoka saa 12:10 badala ya 11:45. Ilitarajiwa. Ratiba ya familia isiyokuwa na nusu saa ya bure asubuhi imeandikwa na mtu asiye na watoto.

Korogwe chai ilikwenda vizuri. Kupanda kulikwenda vizuri vile vile, isipokuwa aliyetapika hakuwa yule tuliyemtarajia. Alikuwa binti mkubwa, aliyekuwa akitazama simu kona zote. Soni walifika 3:35.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu, marahaba. Karibuni ndani, karibuni."

"Mama mkubwa, sisi tunapita kwanza Lushoto, tutarudi saa nane. Tunakuachia mama."

"Nani anapita nyumbani kwangu? Kaa chini kwanza."

Wakakaa. Nusu saa ikawa dakika hamsini. Nazi na samaki wa kukaanga kutoka Tanga vilipokelewa kwa vigelegele, na kwa maelezo ya baba, wale madada wawili baada ya robo saa walikuwa wamehamia kwenye Kisambaa na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna watu wengine chumbani. Aibu aliyoiogopa haikutokea. Hakuna aliyewatazama wakitoka.

Irente iliwapa ukungu. Hili ni la msimu: Juni na Julai mawingu hukaa mlimani asubuhi, siku nyingine yakafunguka kabla ya adhuhuri, siku nyingine yasifunguke. Walisimama ukingoni, mbele yao ni weupe mtupu. Wakarudi hadi shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, wakanunua jibini na mkate, wakaketi kwenye majani. Mdogo alikimbia mpaka akachoka. Baada ya muda mkubwa alikwenda tena ukingoni na baba yake, wakaona chini mara moja, mashamba ya mkonge na barabara ya Arusha nyembamba kama uzi, kisha pakafungwa. Picha aliyoipata ina nusu wingu. Je, mpango ulishindwa hapo? Kwangu hapana. Ungeshindwa kama Irente ndiyo ingekuwa sababu pekee ya kilomita 320. Anayekwenda kwa ajili ya mandhari tu achague Januari au Februari, baada ya vuli na kabla ya masika, na akae mbali na miezi ya masika, maana milima ile hushusha udongo na mawe barabarani.

Soni walirudi 7:50. Sinia la ndizi na nyama lilikuwa tayari. Saa 9:30 baba alisimama, akaambiwa akae. Saa 9:45 alisimama tena. Waliondoka 10:15.

Dakika arobaini na tano hizo ndizo zilizopima mpango. Kama saa 9:30 ingekuwa imewekwa ili tu wafike nyumbani mapema, kuchelewa kungekuwa hasara tupu. Lakini iliwekwa kuulinda mlima, na mlima ulilindika: walikuwa Mombo kabla ya saa 11, mwanga wa kutosha. Giza liliwakuta Hale, kwenye barabara pana inayojulikana, wakaswali Magharibi Muheza na kuingia Tanga saa 1:30 usiku. Sipendi watoto barabarani usiku hata pale, kwa baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoegeshwa ovyo. Ila kati ya giza la Hale na giza la kona za Soni, halihitajiki neno.

Kuna jambo moja ambalo ratiba haikuliona kabisa, na mwenye kupanga safari hii aliongeze. Mama mkubwa alifungasha. Nusu gunia la viazi, kabeji kumi na kitu, karoti, mkungu wa ndizi. Kukataa haikuwezekana. Gari lililopanda na watu saba na nazi lilishuka na watu saba na shehena, nyuma limekaa chini, na uzito wote huo ulikuwa wa breki kuushikilia. Baba aliweka 2 tangu getini na hakuitoa mpaka Mombo, akipitwa na kila mtu. Alipofika chini alisimama, akatia mkono karibu na ringi za mbele. Zilikuwa na joto la kawaida. Viazi vingekuwa gunia zima, ningemwambia autume mzigo kwa basi la Tanga siku ya pili yake, akaupokee stendi.